Mama Elfu na Mfereji Mweupe

Imetamkwa rasmi, na muhuri ukapigwa, kwamba kifaranga wa samaki wa matumbawe haogelei. Mwongozo wa Idara, uliopitiwa na kamati na kisha kupitiwa tena na kamati ndogo ya kamati hiyo, unaeleza kwamba tangu anapoanguliwa mpaka anapofika mwambani, kifaranga "huchukuliwa na mkondo bila hiari yake, na kwa shughuli zote za mipango atahesabiwa kuwa ni sehemu ya maji." Kwa lugha ya nyumbani, bendera hufuata upepo. Ni tamko zuri, kwa sababu linapunguza kazi. Ukishajua maji yanakwenda wapi umejua na samaki wanakwenda wapi, na huna haja ya kuwauliza samaki.

Katika kituo cha utafiti kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na tabia ya kuwauliza. Kazini, nyumbani na hata sokoni aliitwa Mama Elfu. Jina hilo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja siku moja kumtembelea kazini akaoneshwa pipa la maji lenye vidoa vinavyochezacheza. Aliambiwa kwamba vile vidoa ni samaki, na kwamba kaka yake ameoa mtu anayelipwa kuwalea. Wifi aliinama, akajaribu kuwahesabu kwa macho, akaacha.

"Watoto elfu," alisema, "na hakuna hata mmoja wa kumtuma dukani."

Jina likaganda. Mwenyewe hakulikataa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye shahada ambayo hakuitaja mpaka aulizwe, na aliamini kwamba mtu anayegombana na wifi hana kazi ya kufanya. Yeye kazi alikuwa nayo.

Chumba cha vifaranga kilikuwa nyuma ya kituo, baada ya choo cha wageni, mahali ambapo hakuna mgeni aliyefika kwa kukusudia. Kilikuwa na mapipa meusi, mabomba yaliyotapakaa sakafuni kama matumbo, na joto la jiko. Katika tangi la kioo pembeni waliishi wazazi, jozi moja ya samaki wa rangi ya chungwa waliotaga chini ya kigae kilichovunjika. Dume ndiye aliyekaa na mayai, akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana ili yapate hewa. Jike alipita mara mojamoja kukagua. Wanaume wa kituo walipoelezwa utaratibu huo waligundua kwamba wana shughuli mahali pengine.

Mama Elfu alikuwa na masharti yake, na la kwanza lilihusu mikono. Kifaranga aliyeanguliwa lazima apande juu ya maji ameze funda moja la hewa la kujazia kibofu chake cha kuelea, vinginevyo ataishi maisha mafupi akizama kama sarafu. Ukungu mwembamba wa mafuta juu ya maji, hata wa kidole kimoja kilichopakwa losheni, humfungia mlango huo. Kila asubuhi, basi, alilaza karatasi juu ya maji ya kila pipa na kuiburuta taratibu ili inyonye mafuta, na mikono yake mwenyewe hakuipaka kitu kamwe. Kwenye harusi alitambulika kwa mikono iliyopauka kama ya mpiga chokaa. Mama mkwe wake, kwa nia njema kabisa, alimletea kopo la mafuta ya mgando. Alishukuru kwa heshima zote, akalitumia kulainisha bawaba za mlango wa nyumbani.

Sasa, aliyemwona kifaranga siku ya kuanguliwa angeutia saini Mwongozo wa Idara bila kubembelezwa. Ni uzi wenye macho. Mkia wake hauna mfupa wa maana, na mapezi yote ni utando mmoja unaomzunguka kama ukingo wa lesi. Kwa udogo wake, maji kwake si maji, ni asali. Mimi na wewe tukiacha kupiga miguu tutaendelea kuteleza kidogo, lakini yeye akiacha kupiga mkia husimama hapohapo, kama kijiko kilichochomekwa. Hujirusharusha, hupumzika, hujirusha tena, na mwisho wa yote hana safari ya kuonesha.

Ila Mama Elfu hakuwa mtu wa kutazama mara moja akaenda zake. Kila siku alimvuta mmoja wao kwa kibomba cha kudondoshea, akamweka chini ya hadubini, akamwomba radhi, akamtazama. Aliiona ncha ya uti wa mgongo ikijikunja kuelekea juu, na chini ya mkunjo ule vijiti vya mfupa vikichipua na kufunguka kama upepeo. Huo ndio mkia wa kweli. Utando wa lesi ulikatika, pezi la mgongoni likaachana na la tumboni, kila moja likashika kazi yake. Nyama ya ubavuni ilijaa. Na kadiri kifaranga alivyokua ndivyo asali ilivyogeuka kuwa maji, mpaka siku alipopiga mkia mara moja tu, akatulia, na mwili ukaendelea kwenda wenyewe. Mama Elfu aliwahi kuiona siku hiyo kwa watoto wengi kuliko mama yeyote, na bado kila ilipofika alimwita fundi wa pampu aje kuona. Fundi alikuja. Alimwita Mama Elfu shemeji, kwa sababu tu aliwahi kushonewa suruali na mumewe, na shemeji akiita huendi polepole.

Kwenye pipa, basi, watoto waliogelea. Balaa lilikuwa kwenye mfereji.

Mfereji ulikuwa sanduku refu la kioo, urefu wa kitanda, alilolijenga mwenyewe akisaidiwa na fundi. Pampu ilisukuma maji upande mmoja, yakapita katikati ya fungu la mirija ya kunywea soda ili yanyooke, yakatembea mfereji mzima na kutokea upande wa pili kupitia wavu laini. Unamweka kifaranga katikati, unafungua mkondo, unaona kama anaweza kusimama mahali pake. Kwa kuwa kifaranga ni mdogo na anapenya mwanga, Mama Elfu alipaka ukuta wa nyuma na sakafu ya mfereji rangi nyeupe tupu ili apate kumwona vizuri. Alipaka mara mbili. Ilikuwa kazi safi, na kila mgeni aliyepotea njia ya choo aliisifia.

Na katika weupe huo, kila kifaranga aliyewekwa alikwenda na maji. Hakuhangaika wala kupigana. Alikwenda kwa utulivu wa abiria aliyelipa nauli, akafika kwenye wavu, akatulia hapo. Wa kwanza, wa pili, pipa zima. Mama Elfu aliandika alichokiona, kwa sababu alikuwa mkweli, na ukweli ukamponza. Idara ilipotafuta ushahidi wa tamko lake iliupata kwenye ripoti zake yeye. Tanbihi ya Mwongozo ilimshukuru.

Kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu siku mkuu wa kituo alipomwita ofisini na kuanza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mkuu alikuwa mtu mwema, aliyesoma sana, na mwenye tatizo la watu wema waliosoma sana: alizielewa hoja za pande zote. Alieleza kwamba Kamati imekaa. Kamati imeona kwamba ikiwa kifaranga ni sehemu ya maji, basi kumlea ni sawa na kulea maji. Chumba kitakuwa stoo ya viti vya mikutano. Kamati yenyewe itakuja kukagua, na Mwenyekiti atazima pampu kwa mkono wake.

Mama Elfu aliuliza kama ataruhusiwa kufanya jaribio la mwisho mbele yao.

Mkuu alisema hata mawili. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama ana chochote kipya cha kuonesha. Akajibu kwamba hana. Pampu ikizimwa, watoto waliokuwa kwenye mapipa wasingefika jioni. Hilo hawakulisema, wote wawili walilijua.

Siku zilizofuata alijaribu kila alichoweza kukifikiria. Alipunguza mkondo, watoto wakachukuliwa polepole. Aliongeza chakula, wakachukuliwa wakiwa wameshiba. Fundi wa pampu alipendekeza wamtishe mmoja waone wenzake watafanyaje. Wifi, aliposikia, alisema watoto wa kudekezwa ndivyo walivyo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama Elfu alilifikiria hata hilo. Mtu anayezama hushika hata povu.

Jumamosi mchana alikwenda kukaa kwa mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani mwenye chumba cha mbele kilichojaa vipande, mikasi na ahadi. Siku hiyo alikuwa na kazi ya mashuka ya hospitali, meupe, marundo kwa marundo, na alikuwa akinung'unika. Mama Elfu alikaa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, akimtazama mumewe anavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Alikitazama kile kitambaa kwa muda. Cherehani ilikuwa ikilia, mguu wa fundi ulikuwa ukikanyaga, lakini kwa macho yake yeye shuka lilikuwa limesimama. Hapo fundi alisimamisha gurudumu, akainua pindo mbele ya mwanga. Lilikuwa limekwenda kombo.

"Hiki cheupe kinanidanganya," mume alisema. "Kinatembea chini ya mkono, mimi naona kimetulia. Chenye mistari hakina shida, kikihama tu unakiona."

Mama Elfu akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena.

"Mama, nimesema kitu kibaya?"

Mama Elfu alikuwa amesimama na anapekua rundo la pembeni, na alichokitoa kilikuwa kitambaa cha godoro, kile kizito chenye mistari ya buluu na nyeupe, kilichokuwa kinamsubiri mwenyewe alete vipimo. Mume alikumbusha kwamba kina mwenyewe. Akaambiwa mwenyewe atakikuta. Fundi aliyeoa miaka mingi hajui mambo ya samaki, lakini anajua uso wa mke wake unapokuwa hivyo, na akashika ncha ya pili akamsaidia kukunja.

Jambo lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha, na Mama Elfu aliona aibu ipasavyo njia nzima. Aliye ndani ya maji hauhisi mkondo, huenda nao. Ili ajue kwamba anachukuliwa lazima kuwe na kitu kinachobaki nyuma: jiwe, mwani, kivuli, chochote. Yeye, kwa kupenda usafi, alikuwa amewanyang'anya watoto wake kila kitu cha kutazama, kisha akaandika kwamba hawajitahidi. Kwa macho ya kifaranga ndani ya ule weupe, hakuna lililokuwa likitokea. Alikuwa ametulia zake mahali pazuri, mpaka wavu ukamgusa mgongoni kwa sababu asizozielewa.

Jumatatu yeye na fundi wa pampu walikwangua rangi ya ukuta wa nyuma, wakavuta kitambaa cha godoro nje ya kioo, mistari imesimama wima. Fundi wa pampu alifungua mkondo. Kifaranga aliyewekwa alianza kwenda na maji kama waliomtangulia. Mstari mmoja ulimpita. Ukampita wa pili. Akageuka akaelekea maji yanakotoka, mkia ukaanza kutetemeka upesi hata usionekane, na akasimama.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Shemeji," fundi akasema hatimaye, "huyu kagoma."

Mama Elfu alikwenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wanaosema alilia wanatia chumvi. Alikaa tu, mikono yake iliyopauka ikiwa imelala magotini, akimtazama kiumbe mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho akikataa kupelekwa. Kisha akasimama, akaandika ombi la jaribio la mbele ya Kamati. Hakuomba kwa ajili ya kifaranga mmoja. Aliomba kwa ajili ya wote waliomo chumbani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mpaka achoke. Mkuu wa kituo alilisoma ombi hilo mara mbili, taratibu, akatia saini, akafuta miwani.

Kamati ilifika asubuhi na magari mawili. Viti vilikuwa vimetangulia, vimepangwa ukumbini na vilivyozidi kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha vifaranga, vikisubiri kuingia. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya kufungulia semina, na alitaka haki itendeke kwa mujibu wa taratibu. Aliagiza mkondo uwe wa mwendo uleule uliotajwa ndani ya Mwongozo, wa maji ya nje ya mwamba siku ya kawaida. Fundi akafungua mpaka alama ikafika. Mama Elfu akamtoa kifaranga pipani kwa kikombe, bila kumgusa, akamshusha.

Kifaranga alirudi nyuma kidogo, akageuka, akasimama.

Wajumbe waliinama wote pamoja. Mmoja alisema ni mdogo sana. Mwingine akaondoa miwani, akairudisha. Bibi mmoja mjumbe, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mjumbe, ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa.

"Mwanangu, huko baharini kuna kitambaa cha godoro?"

"Hakuna, mama," Mama Elfu alijibu. "Huko kuna vitu vingine, na sijui ni vipi anavyovitumia. Sijavipima. Kitambaa hakimfundishi kuogelea. Kinamwambia tu kwamba anachukuliwa."

Yule bibi alitikisa kichwa kukubali, akabaki ameinama baada ya wenzake kunyooka.

Kusimama kwa samaki mahali pamoja, hata hivyo, si tamasha la kumshika mjumbe kwa muda mrefu. Baada ya kitambo Kamati ilihamia ukumbini kwenye ajenda, ikamwacha kifaranga na kazi yake. Ajenda zilichapishwa wiki iliyopita, na hakuna ajenda iliyochapishwa wiki iliyopita ikabadilishwa na kitu kilichotokea leo. Tamko lilithibitishwa. Ufungaji wa chumba uliridhiwa, yule bibi peke yake akiomba isomeke kwamba hakuridhia. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaelekea kwenye pampu.

Hapo mkuu wa kituo alikohoa. Aliomba samahani kwa kumchelewesha mheshimiwa, ila alidhani ni wajibu wake kukumbusha kanuni. Zamani kituo kilikuwa na mtunza pampu aliyeizima kila alipokwenda kula, na kwa miaka kadhaa samaki wote wa kituo walionekana kuchoka saa ileile kila siku, ya chakula cha mchana, jambo lililowashangaza wataalamu wengi na kuandikiwa makala. Ilipogunduliwa, Idara yenyewe ilipiga marufuku: jaribio la kiumbe hai likishaanza, pampu haizimwi mpaka kiumbe achoke mwenyewe.

Mwenyekiti aliiheshimu kanuni kuliko alivyoheshimu kiti alichokalia. Alisema basi, watamsubiri achoke.

Chai ililetwa. Mwenyekiti alikunywa akiwa amesimama karibu na pampu, ili asipoteze muda. Kikombe cha pili alikinywa amekaa. Mjumbe mmoja aliuliza kama kanuni inaruhusu kumsaidia kiumbe kuchoka, akaambiwa hairuhusu. Mchana walikwenda kula, wakarudi upesi kidogo, wengine bado wanafuta mikono, wakachungulia. Mkia ulikuwa unatetemeka vilevile. Mjumbe wa miwani alisema labda ni mwingine, wamembadilisha. Yule bibi, ambaye hakwenda kula, alisema ni huyuhuyu.

Alasiri Mwenyekiti alimwita Mama Elfu pembeni akamwuliza, kwa upole wake, kwamba akishachoka huyu, kwa mujibu wa ombi lililotiwa saini, watabaki wangapi.

"Sijawahesabu, mheshimiwa," alisema. "Na dume ana mayai mengine chini ya kigae."

Mwenyekiti aliyatazama mapipa. Kisha akavitazama viti vilivyopangwa nje mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana kama mtu anayejua mkondo unakwenda wapi. Akaagiza kwamba viti vikae vilipo kwa sasa, na kwamba apewe taarifa jaribio litakapokamilika.

Fundi wa pampu alisimama kando, anapiga mluzi chinichini kwa furaha. Mama Elfu aliwasindikiza wageni mpaka kwenye magari kama ilivyo adabu, akawashukuru, akakataa kwa heshima kushikana mikono na mjumbe aliyenukia losheni, akarudi ndani.

Kumbukumbu za kikao zinasema Kamati ilithibitisha kwamba kifaranga huchukuliwa na mkondo bila hiari yake. Kikao kilifungwa saa kumi na moja, magari yakaondoka. Kifaranga alikuwa mbele ya mstari wa tatu wa buluu kutoka kushoto, mahali alipokuwa asubuhi.